Namna ya Kumbeba Mama

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Wifi yangu mpendwa,

Shikamoo. Usishangae kuona karatasi badala ya sauti yangu. Simu yangu imevunjika, na sijui lini nitapata nyingine. Nimemwomba dereva wa lori la maziwa akufikishie hii, maana hupita mbele ya chuo chenu cha udereva kila Ijumaa.

Nina ombi la mwanafunzi kwa mwalimu. Ile pikipiki niliyopewa na idara ya mifugo naiendesha vizuri nikiwa peke yangu, na sanduku la chanjo nyuma. Ila sijawahi kubeba mtu, na sasa nataka kumbeba Mama. Aliteleza bafuni katikati ya mwezi uliopita, mkono wa kulia ukavunjika juu ya kiwiko. Kulikuwa na sabuni sakafuni, na ndoo ilikuwa imekaa vibaya, na taa ilikuwa imeungua. Muuguzi wa zahanati aliufunga, lakini mfupa umeanza kuunga upande. Vidole vimevimba kama ndizi na hapati usingizi. Inabidi afike hospitali kubwa, na hospitali, kama unavyojua, iko kilomita thelathini na nane, kwa barabara ile ile ya changarawe mliyokuwa mkipita mkiwa wadogo.

Nifundishe kumbeba mtu bila kumuua.

Ni mimi wifi yako,
Mkaguzi wa nyama


Ijumaa, tarehe 7 Machi

Wifi,

Marahaba. Dereva wa lori amekunywa chai yangu vikombe viwili akisubiri niandike, kwa hiyo ukiona mwandiko unakimbia ujue ni yeye.

Kumbeba mtu si kama kubeba sanduku. Sanduku halishtuki. Mtu akiona ng'ombe barabarani anajitupa kushoto, wewe unataka kulia, na pikipiki inabaki haijui imtii nani. Basi somo linaanza kabla hujawasha injini. Mwambie Mama asikae mbali nawe kama mtu aliyegombana na mwenzake. Akukaribie, magoti yakubane nyongani, akushike kiunoni. Asishike mabega, maana mabega ndiyo yanayoongoza usukani. Ukilala kwenye kona na yeye alale nawe, atazame juu ya bega la upande mnaoelekea. Asigeuke nyuma hata akiitwa jina. Miguu ikae kwenye vikanyagio tangu mwanzo hadi mwisho. Mwaka juzi nilikuwa na mwanafunzi aliyembeba mama yake na gauni refu, kisigino kikaingia kwenye spoku za gurudumu. Nilikuwepo. Nilisikia kisigino kikisagika kabla sijasikia mama wa watu akilia. Kwa hiyo suruali, viatu vya kufunga, na bomba la moshi akae mbali nalo.

Na kofia ngumu mbili. Kwa watu wengi huvaa dereva peke yake, kana kwamba kichwa cha nyuma ni cha akiba. Nakutumia yangu ya zamani, ni ya Mama.

Ongeza upepo tairi la nyuma. Fanya mazoezi na gunia kwanza.

Sasa nami nikuulize. Yule kitinda mimba wetu, mumeo, yuko wapi? Nilimbeba mgongoni mpaka miguu yake ikawa inaburuza chini. Leo mama yake avunjike mkono na asimtafutie gari? Na Mama huyo ninayemjua mimi, anayepima kila hatua kabla hajaikanyaga, ameteleza vipi?

Wako,
Mwalimu Breki (ndivyo wanafunzi wanavyoniita, nami nimekoma kukataa)


Jumatano, tarehe 12 Machi

Wifi yangu,

Kofia imefika. Mama ameivaa akajitazama kwenye kioo, akasema sasa anafanana na dumu la maji. Nimemsikia akicheka kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

Gunia la pumba limenifundisha mengi. Siku ya kwanza liliniangusha kwenye kona ya josho la ng'ombe, siku ya pili liliniangusha tena, jana tulikwenda na kurudi salama. Ukiona mdomo wangu umevimba kidogo tukija kuonana, ni gunia hilo.

Ndugu yako ana shughuli nyingi buchani, ndiyo maana. Nakuomba sana usimwandikie kuhusu safari hii. Nataka aone tu tumerudi. Tutakwenda Alhamisi, tarehe 27, saa nne asubuhi. Ni siku ya mnada na yeye atakuwa na ng'ombe watatu wa kuchinja.

Maswali yangu ni matatu. La kwanza, abiria mwenye mkono mmoja anashikaje? Nimfunge kwangu kwa shuka? La pili, ule mteremko mrefu kabla ya daraja lisilo na kingo, nishuke kwa gia ipi tukiwa wawili? La tatu, kikitokea kitu mbele yangu pale kwenye mteremko, inanichukua umbali gani kusimama?

Naomba unijibu la tatu vizuri.

Wifi yako


Ijumaa, tarehe 14 Machi

Dada yangu, mama yangu wa pili,

Shikamoo. Mnunuzi wa ngozi anakuja huko, nikasema nikutumie salamu na maini haya, yapike leo leo.

Sisi tupo. Biashara inakwenda, ila nyumba haina amani, na kwa sababu wewe ndiye uliyenilea sitakuficha. Wifi yako amebadilika tangu serikali impe pikipiki na mhuri. Mwezi uliopita nilichinja dume langu zuri, mbele ya wateja waliopanga foleni tangu asubuhi. Akaja na kisu chake, akapasua mapafu, akasema nyama ina ugonjwa, akaimwagia yote rangi ya bluu isiuzike, mguu hadi shingo. Mimi mumewe. Watu walicheka, Dada. Nilirudi nyumbani nikamrekebisha kidogo kama mwanamume yeyote, na Mama akajiingiza kati akaanguka. Unamjua Mama, haachi mambo ya watu. Niliumia kuliko yeye. Nilimpikia uji kwa mikono yangu wiki nzima.

Siku hizi mwanamke anatoka na pikipiki na gunia nyuma, anazunguka huko na huko, anarudi ana vumbi. Nikimuuliza anasema mazoezi. Mazoezi ya nini? Mtu hawezi kufanya mazoezi ya kuondoka isipokuwa kuna anakokwenda. Je, anakuandikia? Wewe hujawahi kunidanganya.

Mdogo wako


Jumatatu, tarehe 17 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Maini tumekula, ahsante.

Nimeisoma barua yako mara tatu, na neno moja nimelipigia mstari. "Nikamrekebisha." Mwanamke si pazia la kunyooshwa. Nikisikia tena umemnyanyulia mkono nitakuja mwenyewe nikuchape mbele ya hao wateja wako, na ndevu zako hizo.

Lakini wivu huo uutoe moyoni. Mkeo haendi popote kubaya. Ananiandikia mimi, na anachotaka ni kumpeleka mama yako hospitali, ule mkono utazamwe upya. Amekuficha kwa sababu anaona haya kukusumbua, au anataka akufurahishe, mambo ya wanawake. Watatoka Alhamisi tarehe 27, saa nne. Mimi hofu yangu ni lile daraja. Yeye bado mchanga kwenye kubeba mtu, na Mama ana mkono mmoja. Basi fanya hivi, acha ng'ombe wako wasubiri saa moja. Tangulia ukasimame pale darajani. Wakifika, mkeo asimamishe, Mama ashuke, wewe umshike mkono mzima umvushe kwa miguu. Hapo hapo mwombe mkeo radhi. Mambo mengi yamemalizikia njiani kwa watu wawili kuangaliana usoni.

Huyu huyu mnunuzi wa ngozi anakuletea.

Dada yako anayekupenda na anayekuonya


Jumatatu, tarehe 17 Machi

Wifi,

Nakujibu yote matatu, na hii itapanda lori la Ijumaa.

Mama usimfunge kwako kwa shuka wala kamba. Mkianguka mkiwa mmefungwa mtaanguka kama mzigo mmoja, na aliye chini ndiye atakayelipa. Mkono mbovu uutundike kwa kitambaa shingoni, ukae kati ya kifua chake na mgongo wako. Mkono mzima ukuzunguke kiunoni.

Mteremko ushuke kwa gia ya pili, injini ikuzuie. Usining'inie kwenye breki njia nzima.

La tatu. Ukiwa peke yako kwenye lami kavu ni jambo jingine. Mkiwa wawili, kwenye changarawe, mkishuka, mwendo wa arobaini, utahitaji mita kama thelathini tangu macho yaone hadi tairi litulie. Ukibana breki ya mbele kwa hofu, tairi litateleza na abiria atapita juu ya kichwa chako. Ndiyo maana nataka usimame juu kabisa, kabla ya ile kona ya mwisho, Mama ashuke avuke kwa miguu.

Na unisamehe, nimemwandikia mume wako. Ametumia neno nisilolipenda na nimemkaripia. Lakini siri kati ya mume na mke ni mchwa. Atawasubiri darajani amsaidie Mama. Utaona.

Mwalimu Breki


Jumatano, tarehe 26 Machi

Wifi yangu,

Lori la maziwa limeua injini tangu wiki iliyopita, kwa hiyo jibu lako sijalipata. Hii anakuletea muuguzi wa zahanati, anayekuja huko mwisho wa wiki. Ukiisoma sisi tutakuwa tumeshaondoka. Hatuendi hospitali tu. Hatutarudi.

Nilikudanganya. Hakukuwa na sabuni.

Jumamosi ya tarehe 15 mwezi wa pili nilikataa kupitisha dume lake. Mapafu yalikuwa yamejaa vivimbe vya usaha, hata mwanafunzi wa wiki moja angeona. Nyumbani alifunga mlango, akavua aproni, akaitundika, akanawa mikono kama anavyonawa siku zote. Kisha akaniambia, "Leo mkaguzi ni mimi." Alinipiga kwa ubapa wa panga, mgongoni na mapajani, taratibu, akibadilisha pembe kama anayelainisha nyama. Alichukua mhuri wangu kwenye mkoba akauchovya kwenye wino, akanigonga nao kwenye paji la uso. "Imepita," akasema. Akanigonga tena.

Mama aliingia kwa mlango wa jikoni. Aliushika mkono wenye panga kwa mikono yake miwili. Hakupiga kelele, alisema tu, "Baba, tosha." Ndugu yako aliudaka mkono wake, akauzungushia kwenye fremu ya mlango, akaukandamiza. Nimefanya kazi machinjioni miaka tisa. Mlio ule naujua, ila nilikuwa sijausikia ukitoka kwa mtu aliye hai.

Halafu alilia. Alipiga magoti akamshika Mama miguu. Alipika uji. Siku ya tatu aliikatakata simu yangu kwa shoka la mifupa kwenye gogo lake, na Jumamosi iliyopita alining'oa jino la mbele kwa sababu gunia la pumba lilikuwa limechanika.

Mama aliniapisha nisikuambie. Alisema wewe ndiye uliyemlea, utaona umelea nini, utakufa. Nilimwomba dereva wa lori atuchukue, akaniambia barua ni karatasi lakini mke wa mtu ni kesi. Imebaki pikipiki. Kesho saa nne, akiwa katikati ya ng'ombe wa pili.

Tunakuja kwako. Kama hutatutaka, tutaelewa.

Wifi yako


Alhamisi, tarehe 3 Aprili

Wifi,

Nakuandikia chumbani kwa Mama, kwenye kile kitanda chake cha kamba. Wameniambia uko wodi ya majeruhi na askari mlangoni, na kwamba barua zinasomwa kwanza. Wasome.

Barua yako niliipata Jumamosi. Wakati ule simu ya kituo cha polisi ilikuwa imeshanifikia, ndugu yangu alikuwa na siku mbili kwenye jokofu, na mimi nilikuwa napanga nguo za msiba na kukulaani. Nikafungua bahasha. Nilipofika kwenye fremu ya mlango niliikunja, kisha nikaifungua tena.

Sasa sikiliza na mimi nililofanya. Mimi ndiye niliyemwambia. Siku, saa na mahali. Nilimwandikia asimame darajani. Barua hiyo wameikuta kwenye mfuko wa shati lake. Niliona nawapatanisha. Nilikuwa najidai najua kila kinachoweza kumpata abiria, na hilo sikuliona.

Tumemzika Jumatatu. Nilimwona kabla hawajamfunika. Mbavu za kushoto zilikuwa zimeingia ndani, na uso wake haukuwa na kitu, safi, kama siku zile nikimfuta kamasi. Wifi, ninajua ulichofanyiwa, na bado nilikaa pale nikataka mtu aniletee wewe nikulipize.

Jana nilikwenda darajani na futi ya kamba. Kutoka pale kona inapofunguka hadi damu ilipo ni mita kumi na tisa. Nilitembea mara nne, nimeinama kama mtu anayetafuta sindano. Changarawe inaandika kila kitu. Hakuna alama ya breki. Hakuna hata mstari mmoja.

Mkuu wa usalama barabarani ameniomba maelezo, kwa sababu umewaambia mwalimu wako ni mimi. Anataka kujua kama ilikuwa ajali au uliua. Kabla sijaandika nataka nisikie kwako. Ulishika breki?

Dada wa marehemu


Jumatatu, tarehe 7 Aprili

Wifi,

Barua yako ya tarehe 17 imenifikia juzi, lori limepona. Nimeisoma mguu ukiwa na pingu kwenye chuma cha kitanda. Sikulaumu. Ulitaka Mama avuke kwa miguu.

Nitakueleza jinsi ilivyokuwa. Tulitoka saa nne na robo. Mama alikaa kama ulivyosema, mkono wa kulia shingoni, wa kushoto kiunoni kwangu, kofia yako kichwani. Njia nzima hakutikisika. Nilianza kuamini tumefika. Nilishuka mteremko kwa gia ya pili, mwendo kama arobaini, pengine zaidi kidogo kwa sababu nilikuwa na haraka. Kona ikafunguka na yeye alikuwa pale, katikati, mguu mmoja juu ya zege la daraja. Alikuwa na aproni ya kazini na damu mbichi ya ng'ombe hadi kwenye viwiko. Aliinua panga. Alisema, "Simama, mkaguzi." Hakupaza sauti, nilimsoma mdomo.

Sikushika breki. Nilikaza mafuta. Ni mimi peke yangu. Mama alikuwa amefumba macho, hakuona wala hakusema kitu, na hata wakikuuliza uwaambie hivyo.

Panga lilinipata mkono wa kushoto chini ya kiwiko. Ncha ya usukani ikamwingia kifuani. Tulianguka wote watatu juu ya daraja. Kichwa cha Mama kiligonga zege na nikasikia kofia ikipasuka, nikajua nimemuua. Kumbe ni kofia tu. Nilitambaa. Yeye alikuwa amelala ukingoni, anapumua kwa mapovu mekundu. Nilifanya ninachojua, nilimgeuza ubavu, nikakandamiza kifua kwa kiganja. Damu yangu ilikuwa inamdondokea shingoni. Alinitazama kama mtu asiyenikumbuka. Akauliza, "Mama yuko wapi?" Nikamwambia yuko hapa, mzima. Akasema, "Haya." Wakulima walipofika kutoka mashambani alikuwa ameshakata roho.

Waandikie hivyo. Nitatia sahihi.

Mkaguzi wa nyama


Jumatano, tarehe 9 Aprili

Binti yangu wa kwanza,

Anayeandika ni muuguzi wa wodi ya wanawake, maneno ni yangu, na nimemwambia asiyarembe.

Mkwe wangu amemtuma muuguzi huyu anisomee aliyokuandikia, akidhani nitafurahi. Amekudanganya. Macho sikufumba. Nilikaa juu kuliko yeye, nilikuwa natazama begani kwake kama ulivyoelekeza, na nilimwona mwanangu kabla ya yeye kumwona.

Nilijua anavyosimama. Baba yenu alikuwa akisimama vile vile mlangoni, mguu mmoja mbele, na kila mara aliposimama hivyo na mimi nilisimama. Miaka ishirini na miwili nilisimama. Wewe ulikuwa mkubwa, unajua ulichokisikia nyuma ya ukuta, ukiwa umemziba mdogo wako masikio. Hakuzibwa mapema vya kutosha, au masikio hayakuwa njia aliyoingilia yule mzee. Sijui. Mzazi hajui.

Mkwe wangu aliogopa. Nilisikia injini inapungua, akaanza kuachia mafuta. Nikambana kiunoni, nikasema kwenye kofia yake, "Usisimame." Akasema, "Mama, ni yeye." Nikasema, "Namwona. Usisimame, mwanangu. Pita."

Yeye akapita kwa sababu mimi nilimwambia. Alizoea kunitii.

Nilimzaa mimi, nilimnyonyesha mimi, na nikamchagua mwingine. Kila nikilala namwona anavyotushangaa. Hakuamini kwamba hatusimami. Wakitaka mtu wa kumfunga waje huku kitanda cha sita, nyonga ilivunjika tulipoanguka, sitawakimbia.

Usilie sana, utaharibu macho.

Mama yako


Jumatatu, tarehe 14 Aprili

Kwa Mkuu wa Usalama Barabarani,

Yahusu: Maelezo ya mwalimu juu ya tukio la darajani, tarehe 27 Machi

Uliniomba maelezo kwa sababu dereva alijifunza kwangu. Nakubali. Nilimfundisha kwa barua, na barua hizo unazo.

Nimefundisha pikipiki kwa miaka kumi na saba. Nilifika mahali pa tukio siku ya sita, na mvua ilikuwa haijanyesha. Kutoka kona inapofunguka hadi alipogongwa marehemu ni mita kumi na tisa. Pikipiki yenye watu wawili, kwenye mteremko ule na changarawe ile, kwa mwendo wa arobaini, haisimami chini ya mita thelathini. Daraja lina upana wa mita mbili na nusu na halina kingo. Kukwepa kungewatupa wote wawili korongoni. Breki ya ghafla ingeilaza pikipiki miguuni pa mtu mwenye panga.

Alama ya breki hakuna. Siwezi kuandika kwamba ipo. Lakini kama ingekuwepo, marehemu angegongwa vilevile, na abiria angekuwa chini. Kwa elimu yangu, pale hapakuwa na namna ya kusimama. Palikuwa na namna ya kuanguka tu.

Mita hizo nimezipima mara nne. Nilitamani zizidi. Marehemu ni ndugu yangu wa tumbo moja na nilimlea, kwa hiyo kama unaona sistahili kusema, tafuta mwalimu mwingine umpe futi, atapata kumi na tisa kama mimi.

Aliyemwelekeza marehemu kusimama mahali pale, siku ile na saa ile, ni mimi. Naomba iandikwe hivyo, kwa jina langu, na kama ni kosa nihojiwe.

Umeniuliza pia kama yapo ya kumuuliza abiria. Hakuna. Usukani, mafuta na breki vyote viko mbele, na yeye alikaa nyuma, ana mkono mmoja. Nimekwisha kuongea naye kitandani kwake na nimeridhika.

Mwalimu wa udereva wa pikipiki,
Dada wa marehemu,
Binti wa abiria